Shajara ya mradi: mihadhara ya Jumamosi na chakula cha kikoa

Wiki tatu kabla ya kuanza

Leo tumekubaliana. Tutakuwa na mhadhara mmoja kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa nne asubuhi, na ukiisha tutakula pamoja. Kila mtu atakuja na alichojaliwa: sahani ya chakula, matunda, au mikono mitupu iliyo tayari kuosha vyombo. Lugha yetu ina neno lake la kula kwa kuchangiana namna hii, kikoa, nasi tumeona tulirudishe mdomoni.

Lengo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mtu yeyote aingie, asikie jambo asilolijua, aulize bila kuona haya, ashibe, aende. Hakuna kiingilio, hakuna cheti, hakuna safu ya viti vya wageni waalikwa.

Katika kikao mwenzetu mmoja wa kamati aliuliza, "Watu wakishasikia, halafu iweje?" Swali zuri, na lilinipeleka nyumbani nikasome habari za waliotutangulia. Mwaka 1826, huko Millbury, Massachusetts, Josiah Holbrook alianzisha chama cha majirani waliokutana kufundishana, na vyama kama hicho vikaenea katika miji mingi ya Marekani. Lakini kisa kilichonishika ni cha Michael Faraday. Alikuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu jijini London. Mwaka 1812 mteja wa duka lile alimpa tiketi za kwenda Royal Institution, taasisi ya sayansi ya jiji hilo, kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy. Kijana akaenda, akaandika alichosikia, akakinakili vizuri, akakijalidi kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa pale kuwa msaidizi wa maabara. Mtu aliyekuja kuuonyesha ulimwengu jinsi sumaku inavyozalisha umeme alianzia kwenye kiti cha msikilizaji, na daftari mapajani. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwenzetu ni hili: hatujui nani ataketi pale.

Tumebishana kidogo kuhusu saa. Wengine walitaka tule kwanza, tusikilize baadaye. Nimekataa, na nina sababu. Mwili wa binadamu una mpangilio wake wa saa, na mapema alasiri hupungua nguvu hata kwa mtu ambaye hajala kitu. Ukiongeza tumbo lililojaa, umemkabidhi mtoa mada ukumbi wa watu wanaosinzia. Mhadhara kwanza, chakula baadaye.

Naandika na hili ili nikumbuke nilivyofikiri leo: moyoni mwangu chakula ni chambo. Watu watavutwa na sufuria, watapata elimu njiani.

Jumamosi ya kwanza

Watu walijaa kuliko nilivyotegemea. Viti vya kukunja vilikwisha, vijana wakakaa kwenye ngazi za jukwaa.

Mtoa mada alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mada yake mwezi. Anaijua mada hiyo kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Tulimwomba azungumze saa moja. Alizungumza saa moja na dakika ishirini. Alianza vizuri, kwa mpira na kurunzi, akatuonyesha kwa nini mwezi huandama, hujaa, kisha hupungua, na kwa nini mwezi mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Dakika ya arobaini nikaanza kuona mabega yakilegea. Dakika ya sitini harufu ya chakula ilikuwa imepenya chini ya mlango wa jiko, na hapo vita ikawa imekwisha. Nilipouliza nani ana swali, kimya. Nikauliza tena. Mtu mmoja akakohoa.

Niliona tumeshindwa. Nikafunga mkutano, tukahamia mezani.

Na hapo ndipo mhadhara ulipoanza. Mwalimu alikuwa hajamaliza kijiko cha tatu, binti mmoja wa shule akasogeza kiti. "Mwalimu, kama mwezi hauna mwanga wake, na ukipatwa unaingia kwenye kivuli chetu, mbona huwa mwekundu badala ya kuwa mweusi?" Mwalimu akaweka kijiko chini. Akamweleza kwamba hewa inayoizunguka dunia hupinda mwanga wa jua na kuupitisha hadi ndani ya kivuli, na kwamba katika safari hiyo ndefu rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu ndiyo hufika. "Wekundu ule," akasema, "ni mapambazuko na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja, yameangukia mwezini." Meza nzima ikanyamaza. Kisha maswali yakaja matatu kwa mpigo, moja kutoka kwa dereva ambaye ukumbini alikuwa amefumba macho.

Maamuzi ya jioni: mhadhara ni dakika 35, basi. Mtu akizungumza kwa mwendo wa kawaida, kama maneno 130 kwa dakika, hapo ana maneno 4,500 na zaidi. Yanamtosha mtu mwenye jambo la kusema. Pili, mtoa mada asikae meza kuu na kamati. Akae katikati ya watu, na nusu ya mlo ahamie meza nyingine.

Jumatano, kazi ya ukumbi

Watu wa nyuma walilalamika kwamba hawakusikia. Leo nimeingia ukumbini na fundi wa sauti, kijana mtulivu ambaye hapendi kueleza kitu kabla hajakuonyesha. Akasimama jukwaani akapiga kofi moja. Kofi likaenda, likagonga ukuta wa nyuma, likarudi. Akapiga tena. "Umesikia makofi mangapi?" Mawili.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Sauti iliyodunda ikikufikia mapema sana, sikio huiunganisha na ile ya kwanza na hata husaidika nayo. Ikichelewa zaidi ya sehemu ya ishirini ya sekunde hivi, yaani imezunguka mita kama 17 zaidi, neno la nyuma linaanza kukanyaga neno la mbele. Ukumbi wetu ni mrefu, kuta ni tupu, sakafu ni saruji. Kuongeza sauti ya spika kungeongeza mwangwi vilevile.

Tumefanya mambo matatu. Tumetundika mapazia mazito ukuta wa nyuma na kwenye madirisha (tumepewa yaliyotumika, ya rangi ya kahawia iliyokolea, mazito kweli). Tumegeuza viti: badala ya safu ndefu kuelekea jukwaani, sasa ni nusu duara kuanzia ukuta wa ubavuni, ili mtu wa mwisho awe karibu. Na kipaza sauti kinashikwa karibu na mdomo. Fundi alinifanyia jaribio nikaamini: umbali kati ya mdomo na kipaza sauti ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayoingia hupungua hadi robo. Wazungumzaji wengi hukishika kifuani kama ua.

Akanikumbusha pia kwamba watu wenyewe hunyonya sauti, nguo zao na miili yao, kwa hiyo ukumbi mtupu husikika vibaya kuliko ukiwa umejaa. Tutapima tena Jumamosi.

Jumamosi ya pili

Mada: mboji na uhai wa udongo. Dakika 38. Sauti imefika. Maswali ukumbini mawili, mezani sikuweza kuyahesabu.

Tumeanza utaratibu wa kurudia swali kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu. Jambo dogo, lakini mzee mmoja mwenye usikivu hafifu alikuja kunishika mkono. Alisema kwa miaka mingi amekuwa akisikia majibu ya maswali asiyoyajua.

Tulikosea upande wa chakula, na kosa ni langu. Mama mmoja alikuja na mtoto mwenye mzio wa karanga. Aliuliza sahani ipi ina karanga, na hakuna aliyeweza kumjibu kwa uhakika. Aliangalia meza ndefu iliyojaa, akamfungulia mtoto mkate waliokuja nao, wakala pembeni. Hawakulalamika. Mimi nilipoteza hamu.

Kuanzia sasa kila sahani inakuja na kadi: jina la chakula na kila kilichomo. Karanga na jamii nyingine za kokwa, ufuta, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba na jamii zao, hivi vinaandikwa kwa herufi kubwa. Kila chombo na upawa wake, usihamishwe, maana upawa uliotoka kwenye mchuzi wa karanga ukaingia kwenye mboga umeifuta kadi. Vyenye karanga vinakaa meza yao, mwisho wa foleni. Nimempigia simu yule mama nikamwomba radhi na kumweleza utaratibu mpya. Amesema watarudi.

Jumamosi ya tatu

Nitaandika kirefu leo.

Mhadhara ulikuwa wa historia ya ramani, ulikwenda vizuri, siuelezi zaidi. Jambo lililonibakia lilitokea jikoni.

Tulipomaliza kula niliingia na sufuria ya wali iliyobaki zaidi ya nusu. Mama anayesimamia jiko, ambaye sote tunamwita Mama wa Jiko, alikuwa akiupakua kwenye mifuko ili watu waende nao. Niliangalia saa. Wali ule ulifika saa tatu asubuhi, ukakaa mezani bila moto. Ilikuwa saa nane.

"Mama, wali huu hatuwezi kuwapa watu."

"Kwa nini, mwanangu? Haujachacha. Nusa."

Haukuwa na harufu mbaya, na hapo ndipo penye hatari. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus anayependa wali na vyakula vya wanga. Huacha spora, mfano wa mbegu ndogo mno, zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, spora huamka, bakteria huongezeka, na wengine hutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto wali haiondoki. Pua haiioni. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mambo yake matano ya usalama wa chakula mwaka 2001, moja lilikuwa hili la joto: kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Sisi tulikuwa tumezidisha saa tatu.

Nilimweleza hivyo. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga mfuniko taratibu. Halafu akasema neno ambalo limenikosesha usingizi:

"Haya yote umeyajua wapi?"

"Nimesoma, mama."

"Na ukumbini mnafundishana mambo kama haya?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekuja Jumamosi tatu, mwanangu. Sijasikia mhadhara hata mmoja. Nasikia makofi tu."

Ukumbini tulikuwa tumeandika: mtu yeyote aingie, asikie. Na nyuma ya mlango kulikuwa na wanawake wanne, wale wale kila mara, wakipasha, wakipakua, wakisugua masufuria, na wanalipia elimu ya wengine kwa masikio yao. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango huo labda mara thelathini.

Wali tukaumwaga pamoja. Ilituuma wote wawili, kumwaga chakula si jambo jepesi, na nadhani uchungu ule ulitufanya tuzungumze vizuri zaidi. Tulikaa kwenye vigoda tukapanga upya mambo yote. Naandika kama alivyosema, maana mawazo ni yake.

Mhadhara ukianza, jiko linafungwa. Moto unazimwa, mlango unafungwa, na hakuna mtu anayebaki ndani hata kwa dakika mbili. Chakula cha moto kinapikwa karibu na muda wa kuondoka nyumbani na kuletwa kwenye vyombo vya kuhifadhi joto vilivyojaa na kufunikwa. Kinachokuja cha baridi kinaingia kwenye friji, na mhadhara ukiisha kinapashwa hadi kichemke barabara, kisiwe cha kupata uvuguvugu tu. Tutanunua kipimajoto cha chakula. Watu watangoja dakika 20 zaidi, na katika muda huo ndipo tutakapopanga meza, watu wote, kila mtu na kiti chake. Sahani ziwe nyingi na ndogo badala ya sufuria moja kubwa, ili kibakie kidogo. Kuosha vyombo ni kwa zamu inayopigiwa kura mlangoni: unaingia, unaokota kikaratasi, kikiwa na alama wewe ni mwoshaji wa leo, uwe mwenyekiti au mgeni. "Na wanaume waokote vikaratasi hivyo hivyo," alisema. Niliandika.

Jumamosi ya nne

Mama wa Jiko alikaa safu ya mbele.

Mtoa mada alikuwa mkunga, na mada yake kunawa mikono. Nilikuwa na wasiwasi kwamba watu wataona wanafundishwa jambo la watoto. Aliinua mikono yake miwili akaanza na mji wa Vienna.

Katika hospitali kuu ya huko kulikuwa na kliniki mbili za uzazi. Moja walifanya kazi wakunga, nyingine madaktari na wanafunzi wao. Kwa wakunga wazazi walikufa wachache. Kwa madaktari walikufa wengi mno, hata wanawake wakawa wanasihi wasipelekwe huko. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu asiipate, mpaka rafiki yake Jakob Kolletschka alipochomwa kisu katika chumba cha kupasulia maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi. Hapo akaelewa: madaktari walitoka kwenye maiti wakaenda moja kwa moja kwa mama anayejifungua. Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili ya mwaka huo, katika kliniki ile, wazazi waliokufa walikuwa asilimia 18.3. Juni walikuwa asilimia 2.2.

Mkunga akaandika namba mbili hizo ubaoni, akakaa kimya. Ukumbi nao. Mama wa Jiko aliweka mkono mdomoni.

Dakika 33. Nikatangaza chakula, na watu hawakuelekea mezani. Walielekea bombani. Foleni ya kunawa ilizunguka jengo, na mkunga alisimama pale akiwahesabia sekunde 20, akiwaonyesha migongo ya mikono, kati ya vidole, chini ya kucha, dole gumba ambalo wengi hulisahau. Watoto walirudi mara mbili.

Mezani nilikaa karibu na mzee mmoja ambaye amehudhuria siku zote nne bila kutoa neno. Mikono yake ni mipana, kucha zimekatwa fupi kabisa. Alikula polepole. Kisha akamwita mkunga, "Binti yangu. Huyo daktari, kwa nini hawakumwamini? Si waliona?"

Mkunga alieleza kwamba Semmelweis hakuweza kueleza kilichokuwa mikononi, kwa maana elimu ya vijidudu ilikuwa bado. Kwamba alichelewa mno kuandika, kitabu chake kilitoka 1861. Na kwamba alifariki 1865 akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kazi yake ikiwa bado inapuuzwa na wengi.

Mzee akatikisa kichwa. "Nadhani waliona," akasema. "Ukimwambia mganga kwamba mikono yake ndiyo iliyoua, ana njia mbili: alie au akatae. Kulia ni kazi kubwa, binti yangu. Ni rahisi kukataa." Akaendelea kula, kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo lilelile, "Kwenye visima ndivyo hivyo. Unamwambia mtu choo chake kiko karibu mno na kisima. Anakwambia babu yake alikunywa maji hayo."

Nilimuuliza kazi yake. Amechimba visima kwa miaka arobaini.

Usiku huu nimerudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nikafuta neno chambo. Watoa mada tumekuwa tukiwatafuta kwa barua na simu, kwa majina yenye vyeo. Huyu ameketi nasi mwezi mmoja na nusu, na ni sahani ya chakula iliyomfungua mdomo. Mtu hawezi kunyoosha mkono mbele ya watu mia akasema "mimi najua jambo hili". Lakini akiombwa chumvi na jirani yake, analisema.

Jumamosi ya tano

Mada: jinsi tunavyosahau. Mtoa mada alitusimulia kuhusu Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya siku moja akiba ya alichojifunza ilikuwa imebaki kama theluthi tu. Dawa yake ni kujikumbusha, na kujikumbusha kwa kujaribu kusema bila kuangalia popote.

Tumelichukua hapohapo. Mezani kila mtu anamwambia jirani yake jambo moja alilolisikia, kwa maneno yake. Na mkutano unaofuata utaanza kwa dakika tano za "mara ya mwisho tulisemaje?", bila daftari.

Yule mama na mtoto wake wamerudi. Mtoto alisoma kadi zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti, kisha akapakua sahani iliyojaa. Vikaratasi vya zamu vimemwangukia mwenyekiti. Alisugua masufuria vizuri, ila alimaliza sabuni yote.

Mzee wa visima amekubali kuzungumza. Nimekwenda kwake mara mbili. Anasema hajui kusimama jukwaani. Nimemwambia jukwaa halipo tena, tumeweka nusu duara.

Jumamosi ya sita

Alikuja na ndoo, kamba na taa ya mafuta. Hakutumia projekta. Kipaza sauti alikitazama kwa mashaka, fundi akambania kipaza sauti kidogo kwenye kola ya shati na kumwacha na mikono yake.

Alianza kwa mikono hiyo. Alifundisha kuusikia udongo kwa vidole: mchanga unaokwaruza, mfinyanzi unaoteleza na kushika maji yasipite. Akaeleza maji yanavyotembea chini ya ardhi, polepole, yakichukua yanachokikuta. Choo na kisima, alisema, viachane kwa mita 30 angalau, choo kiwe upande wa chini wa mteremko, na shimo lake liishie juu kabisa ya maji, mita moja na nusu au zaidi. Katika mwamba wenye nyufa hata umbali huo haukuhakikishii kitu, kwa sababu maji hukimbia.

Nilikuwa nimempa kisa cha John Snow na bomba la maji la Broad Street, London, mwaka 1854, jinsi alivyofuatilia vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba hadi kisima kimoja, na mpini wa bomba ukaondolewa Septemba 8. Akakisimulia kama habari ya mtu wa ukoo wake. Hakuificha na sehemu isiyopendeza, kwamba ugonjwa ulikuwa tayari umeanza kupungua mpini ulipoondolewa. "Lakini alikuwa amesema kweli," akasema, "na lililobaki chini ya kile kisima lingewaua tena." Walipochimba baadaye walikuta shimo la maji machafu lililovuja, halikufika mita moja kutoka kisimani.

Halafu akawasha taa. Akaifunga kwenye kamba akaishusha polepole ndani ya ndoo ndefu, kama anavyoishusha kisimani kabla ya mtu kuteremka. Ndani ya ndoo fundi alikuwa amechanganya magadi na siki, na hewa ya ukaa, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, ilikuwa imejaa chini. Taa ikafika katikati, ikayumba, ikazimika. Ukumbi ukashusha pumzi.

"Ikizimika, hushuki," akasema. "Ikiwaka, usiseme pako salama, maana ziko hewa za sumu ambazo taa haizijui. Nimempoteza mwenzangu mmoja kwa haraka ya dakika moja." Hakueleza zaidi. Dakika 41, na sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Foleni ya bomba, kisha foleni ya chakula. Mzee hakupata nafasi ya kula mpaka saa nane. Meza zilikuwa zikimpokonya. Binti wa swali la mwezi alikuwa amekaa naye na daftari, akichora tabaka za udongo, na mzee alikuwa akimrekebisha kwa kidole.

Alhamisi, kikao cha kamati

Mahesabu mafupi. Kipimajoto kimenunuliwa na kinatumika. Mama wa Jiko anaandika nyuzi za kila sahani ya moto kabla haijatoka, na aliirudisha moja iliyokuwa 52. Chakula kilichobaki Jumamosi iliyopita kiliingia kwenye bakuli moja. Kipaza sauti cha pili, cha maswali, bado hatuna. Viti bado havitoshi, na wenye magongo wanahitaji njia pana zaidi kati ya safu.

Orodha ya watoa mada tumeibandika ukutani karibu na bomba, kalamu imefungwa kwa uzi. Yamejaa majina saba. Sita ni ya watu walioanza kuzungumza mezani.

La saba ni la Mama wa Jiko. Siku moja wakati wa chakula nilisimulia kwamba Faraday, alipokuwa mkubwa, aliwafundisha vijana mihadhara sita kuhusu mshumaa mmoja tu. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli, sita, mshumaa mmoja. Leo amekuja kikaoni na mada yake: moto. Amepika kwa kuni, kwa mkaa, kwa mafuta na kwa gesi, na anasema watu hawajui kwamba moshi ni chakula ambacho moto haujakimaliza. Alituonyesha palepale: akazima mshumaa, akasogeza kiberiti kwenye uzi wa moshi uliokuwa ukipanda, kidole kizima juu ya utambi, na mwali ukashuka wenyewe kwa njia ya moshi ukawasha utambi tena. Mwenyekiti aliomba arudie. Akarudia mara nne.

Ameomba vitu viwili kwa ajili ya Jumamosi: mishumaa kadhaa, na ukumbi uwe na giza. Mapazia tunayo.